Nani Anapumzika Kando ya Thames? Uhakiki wa Chapa za Whistler, Haden na Tissot

Katika matoleo yaliyotangulia, ukurasa huu umekuwa ukihakiki riwaya, tamthiliya na diwani. Safari hii tunawaomba wasomaji watuvumilie tutoke kidogo nje ya vitabu, tuangalie picha. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, maelezo ya picha ni zoezi ambalo karibu kila mwalimu wa Kiswahili hulitumia darasani, na tunadhani wengi wetu tunalitumia vibaya. Pili, picha tunazozungumzia zinahusu jambo ambalo wanafunzi wetu hulitaja katika kila insha ya uhakiki bila kulichunguza, yaani matabaka.

Picha zenyewe ni chapa zilizotengenezwa Uingereza enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia mwaka 1837 hadi 1901, na karibu zote zinaonyesha mto Thames unaopita katikati ya London. Kwa faida ya wasomaji wasioijua sanaa hii, tueleze kwa ufupi inavyofanyika. Msanii huchukua bamba la shaba na kulipaka nta. Halafu huchora juu ya nta kwa sindano mpaka shaba ionekane. Bamba likitiwa katika tindikali, mahali palipokwaruzwa huliwa na mahali penye nta hubaki salama. Nta ikishaondolewa, wino hupakwa ukajaa katika mifereji ile, karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake kwa mashine, na picha hutoka ikiwa imegeuka: kilichokuwa kushoto kimehamia kulia. Bamba moja hutoa nakala nyingi, kwa hiyo chapa ilikuwa rahisi kuliko mchoro wa rangi. Mabwanyenye wakubwa walinunua michoro ya rangi; chapa ziliweza kununuliwa pia na daktari, wakili na mfanyabiashara wa kawaida, zikatundikwa sebuleni au zikahifadhiwa ndani ya jalada la kuonyesha wageni baada ya chakula cha jioni. Jambo hili la mnunuzi tunaomba likumbukwe, maana tutalirudia.

Tuanze na James McNeill Whistler, aliyezaliwa Marekani mwaka 1834, akasomea uchoraji Paris na kuhamia London mwaka 1859. Mwaka huohuo alikwenda upande wa mashariki wa jiji, Wapping na Rotherhithe, kwenye magati na maghala, akachora mabamba yaliyomjengea jina. Mkusanyo wa chapa 16 za Thames na mandhari nyingine ulitolewa mwaka 1871. Zilizo maarufu zaidi ni Black Lion Wharf, Eagle Wharf, Longshoremen, The Lime-Burner na Rotherhithe. Vitabu vingi vya historia ya sanaa huzisifu chapa hizi kwa sababu Whistler aliwachora watu wa kazi mahali pao pa kazi, bila kuwaremba na bila kuwahurumia. Sifa hiyo ina ukweli. Thames ya wakati ule haikuwa mahali pa kupendeza. Mwaka 1858, yaani mwaka mmoja tu kabla hajaanza, harufu ya maji taka mtoni ilizidi kiasi kwamba Bunge lenyewe lilishindwa kuvumilia, na miaka iliyofuata mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mitaro mikubwa ya chini kwa chini pamoja na kuta za kingo zilizobadilisha sura ya mto. Msanii kijana aliyechagua kukaa huko na sindano yake alihitaji moyo.

Hata hivyo, hebu msomaji aziangalie chapa zenyewe, asizisome kwa macho ya vitabu. Katika Black Lion Wharf kuna mtu mbele, ameketi. Nyuma yake kuna maghala yaliyochorwa ubao kwa ubao na dirisha kwa dirisha, lakini mtu mwenyewe amepewa mistari michache ya haraka. Katika Eagle Wharf kuna mvulana, naye ameketi. Katika Longshoremen wanaume wa bandarini wamekaa. Katika Rotherhithe wawili wamejipumzisha kwenye roshani huku milingoti ya meli ikisimama nyuma yao kama msitu. Mchoma chokaa katika The Lime-Burner amesimama tu. Mzigo haubebwi, kasia halivutwi, kamba haifungwi. Hili lilikuwa eneo lenye shughuli nyingi za bandari kuliko karibu mahali popote duniani wakati ule, na ukitazama chapa zake maarufu kuliko zote, utadhani ni siku ya mapumziko.

Tulipowapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili nakala za Rotherhithe na za chapa nyingine ya matajiri walioegemea roshani (tutaieleza mbele), tuliwataka waandike aya moja kwa kila picha. Hatukuwaambia ni ya nani wala ya lini. Matokeo yalitufundisha sisi walimu zaidi kuliko wao. Wale wa kofia ndefu, karibu kila mwanafunzi aliandika kwamba "wanapumzika", "wanastarehe" au "wanaburudika". Wale wa bandarini waliandikiwa kwamba "wamekaa bure", "wanazurura", "hawana kazi", na mmoja aliandika waziwazi kwamba ni "wavivu". Mikao yao inafanana kabisa! Kilichotofautiana ni nguo tu, na kitenzi kikaifuata nguo.

Hatutaki kuwalaumu wanafunzi. Lugha imewapa vitenzi hivyo na wamevitumia kama tunavyovitumia wote. Lakini hapa ndipo tunapoona kwamba mwalimu wa Kiswahili ana la kusema kuhusu picha hizi ambalo mwanahistoria wa sanaa hatalisema. Kupumzika na kuzurura si matendo mawili tofauti. Mara nyingi ni hukumu mbili juu ya tendo lilelile. Na kuna kitenzi cha tatu ambacho hakuna mwanafunzi aliyekitumia, nacho ndicho tunachodhani ni sahihi kwa watu wa Whistler: wanasubiri.

Tufafanue. Kazi ya bandari ya London wakati ule, kwa wengi walioifanya, haikuwa ajira ya mwezi wala ya mwaka. Meli ziliingia kwa kufuata maji kujaa na kupwa, upepo ukikataa haziji, na zikija kwa wingi wanatakiwa watu mamia kwa mara moja. Wachukuzi walikusanyika langoni asubuhi, msimamizi akachagua aliowataka kwa saa chache, na waliobaki wakangoja wito mwingine. Mwendesha tishali naye hakuweza kuondoka kabla maji hayajageuka. Hali hii ndiyo iliyozaa mgomo mkubwa wa bandari wa mwaka 1889, ambapo wachukuzi walidai, na wakapata, peni 6 kwa saa. Basi mtu aliyeketi gatini mwaka 1859 huenda hakuwa kazini, lakini hakuwa likizoni pia. Muda wake haukuwa wa mwajiri, maana hakulipwa. Haukuwa wake mwenyewe, maana hakuthubutu kuondoka.

Kiswahili kina neno zuri linalokaribia hali hiyo, nalo ni kibarua. Wasomaji wetu wa isimu wanajua kwamba asili yake ni udogo wa barua, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku. Mtu akaitwa kwa jina la cheti chake. Wakati Whistler akichora Wapping, vibarua wa Zanzibar walikuwa wakipakia pembe za ndovu, na sehemu ya pembe hizo iliishia katika maghala ya London, hasa kwenye gati la St Katharine lililo jirani na Wapping, ambako jengo lililokuja kuitwa Nyumba ya Pembe lingalipo mpaka leo. Hatusemi kwamba Whistler alilijua hilo. Tunasema tu kwamba aliyesubiri kule na aliyesubiri huku walisubiri shehena zilizofuata njia moja.

Kwa nini basi Whistler akaiacha kazi yenyewe? Jibu moja ni la kifani. Mtu anayetembea hachoreki kwa sindano kwa urahisi, aliyeketi hatoroki. Hilo tunalikubali. Jibu la pili ni mnunuzi. Sebule ya wakili ingeweza kumkaribisha mtu wa bandarini aliyekaa kimya, akawa sehemu ya mandhari pamoja na mbao na milingoti. Je, ingemkaribisha anayetokwa jasho chini ya gunia? Hatudhani. Ushahidi mzuri Whistler ametupa mwenyewe. Mwaka 1871, mwaka uleule wa kutoa mkusanyo wake, alimchora mama yake ameketi upande, amevaa nguo nyeusi, katika picha ya rangi ambayo watu wengi duniani wanaijua. Ukutani, juu kidogo ya magoti ya mama, kuna fremu. Ndani ya fremu hiyo ni Black Lion Wharf. Mtu wa gati ameketi ndani ya fremu ukutani, na mama mwenye nyumba ameketi kitini chini yake. Hatukumbuki picha nyingine ya enzi ile inayoonyesha kwa utulivu namna hii ni wapi mavumbi ya Wapping yalikwenda kuishi.

Kuhusu Francis Seymour Haden hatutakawia. Alikuwa daktari wa upasuaji, mume wa dada wa Whistler kwa baba, na mwaka 1880 alianzisha chama cha wachoraji wa chapa akawa rais wake. Yeye alipenda sana Thames ya juu, upande wa magharibi, Kew na Egham, penye miti, malisho na maji matulivu. Watu ni wachache mno katika chapa hizo. Kwa ufundi wa mstari hatumwoni kuwa duni kuliko shemeji yake, na chapa yake ya mwaka 1870 ya meli ya kivita Agamemnon ikivunjwavunjwa ni kazi kubwa. Lakini kinachotuvutia kwake ni kwamba uchoraji wenyewe ulikuwa starehe yake. Alitibu wagonjwa kwa riziki na kuchora kwa raha. Alikuwa, kama wasemavyo wanamichezo, mtu wa ridhaa.

Neno hilo, ridhaa, lilikuwa na makali mtoni. Mashindano ya makasia ya Henley, yaliyoanza mwaka 1839 katika sehemu ya juu ya Thames, yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Swali likazuka: ni nani huyo? Mwaka 1879 wasimamizi wa Henley waliweka tafsiri rasmi. Hawakumkataa tu anayepiga makasia kwa kulipwa. Walimkataa pia yeyote aliyewahi kuwa fundi, mhunzi, seremala au mtu wa kazi za mikono kwa ujira, hata kama kazi hiyo haihusiani na mashua. Fikirini maana yake. Mtu ambaye mikono yake imezoea kazi hawezi kucheza mahali palepale na mtu ambaye mikono yake haijazoea. Mto ni mmoja, na starehe imewekewa lango. Miti na maji matulivu ya Haden yako ndani ya lango hilo, na ndiyo maana tunashindwa kuyaona kuwa mandhari tu.

Sasa tufike kwa yule ambaye wahakiki kwa muda mrefu walimweka chini ya wawili hawa. James Tissot alizaliwa Nantes, Ufaransa, mwaka 1836. Alihamia London mwaka 1871 baada ya vita na machafuko ya Paris, akakaa hadi mwaka 1882, na ni Haden aliyemtia moyo katika kazi ya chapa. Tissot alichora nguo. Hariri, riboni, mikunjo ya gauni, vifungo vya kabaharia, vyote alivipatia kwa usahihi wa fundi cherehani, na waliomdharau walisema hana jingine. Alipata fedha nyingi. Tunakiri kwamba baadhi ya kazi zake ni tamu kupita kiasi, kama chai iliyotiwa sukari na watu wawili wasioambizana.

Mwaka 1876 alionyesha katika Royal Academy mchoro wa rangi uitwao The Thames, na akatengeneza chapa yake pia. Mwanamume mmoja yumo mashuani na wanawake wawili, kuna chupa za shampeni na kapu la chakula, na nyuma yao mto wa kazi wenye moshi na meli. Wahakiki walikasirika. Walichosema wazi ni kwamba mwanamume mmoja na wanawake wawili bila mzee wa kuwasimamia ni aibu. Mwaka uliofuata Tissot akawarudia na picha iliyosafishwa: askari amekaa katikati ya wanawake wawili mashuani huko Portsmouth, kila kitu ni safi, shampeni haipo. Hiyo ilipendwa.

Kwa maoni yetu aibu ya kwanza haikuwa wanawake peke yao. Aibu ilikuwa mahali. Laiti Tissot angewaweka watu wake chini ya miti ya Haden, kelele zisingekuwa kubwa vile. Aliwaweka katika bandari, wakistarehe mbele ya meli za makaa na matishali, na hivyo akavunja mgawanyo ambao wote walikuwa wakiuheshimu bila kuutaja: starehe mto wa juu, kazi mto wa chini. Haden alikuwa na mto wake na Whistler alikuwa na wake. Tissot alikuwa wa kwanza kati ya watatu hawa kuiweka mito hiyo miwili katika fremu moja.

Alifanya hivyo kwa ukali zaidi mwaka 1878 katika chapa iitwayo The Trafalgar Tavern, Greenwich, ndiyo ile tuliyowapa wanafunzi. Nyumba hii ya chakula na vinywaji ilijengwa mwaka 1837 ukingoni kabisa mwa mto, na bado ipo. Sifa yake kubwa ilikuwa karamu za samaki wadogo waliokaangwa wazimawazima, ambao msomaji wa ukanda huu hatahitaji maelezo marefu: ni dagaa tu, au mukene kama tunavyomwita hapa Uganda, ingawa wale ni watoto wa samaki wa baharini. Mawaziri wa serikali walikwenda Greenwich kula dagaa hao kwa shampeni. Nasi tunaowala dagaa kwa sababu ya bei tuna haki ya kutabasamu.

Katika chapa ya Tissot, jengo limesimama juu yetu na roshani zake, wanaume wameinama kutazama chini, na chini, maji yakiwa yamepwa, wamo watoto wa matopeni. Watoto hao walikuwa kundi lililojulikana London. Henry Mayhew, mwandishi wa habari aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu maskini wa jiji hilo katika miaka ya 1850 na mwanzoni mwa 1860, aliwaeleza kwa kirefu: walitembea katika matope wakitafuta vipande vya makaa ya mawe, kamba, mifupa, vyuma, na wakibahatika misumari ya shaba. Kwenye roshani za Greenwich kulikuwa na mchezo. Wageni walioshiba walitupa sarafu, na watoto wakapiga mbizi katika tope kuzigombania.

Hapo ndipo penye jambo ambalo Whistler, pamoja na mstari wake bora, hakulionyesha. Roshani ya Rotherhithe ina watu wa tabaka moja, na matajiri hawamo kwa sababu wao ndio wanaotazama chapa. Roshani ya Trafalgar ina watazamaji ndani yake. Mnunuzi aliyeitundika sebuleni alijiona mwenyewe, kofia yake na tumbo lake, akiangalia watoto katika tope kama burudani. Na watoto wale, je, wanafanya kazi au wanacheza? Wanalipwa, basi ni kazi. Wanalipwa ili waonekane wanacheza, basi ni mchezo wa mwingine. Starehe ya wa juu ndiyo ajira ya wa chini. Tunathubutu kusema kwamba picha hii ndogo ya mtu wa mitindo inasema juu ya tabaka zaidi ya mkusanyo wote wa chapa 16, ijapokuwa kama tungepewa moja tuitundike nyumbani tungechagua Rotherhithe. Tofauti kati ya hukumu hizo mbili haitusumbui.

Tissot naye ana pengo. London ya miaka ile ilikuwa na mamilioni ambao hawakuwa wa roshani wala wa tope: makarani, wauza duka, mafundi waliopata Jumamosi nusu siku na, kuanzia mwaka 1871, sikukuu za kisheria za benki. Hao walipanda meli za matembezi kwenda Gravesend na bustani za Rosherville, wakala, wakacheza muziki, wakarudi jioni. Tarehe 3 Septemba 1878, mwaka uleule wa chapa ya Trafalgar, meli ya matembezi Princess Alice iligongwa na meli ya makaa karibu na Woolwich, mahali ambapo mitaro ya Bazalgette ilimwaga maji taka ya jiji zima. Watu zaidi ya 600 walikufa. Katika chapa za wasanii wetu watatu tunazozijua, abiria wa aina hiyo hawana nafasi. Hawakuwa maskini kiasi cha kupendeza, wala matajiri kiasi cha kununua.

Turudi darasani. Mwanafunzi wetu akipewa kazi ya uhakiki huandika, "Dhamira ni utabaka. Wahusika wamegawanyika katika mabwanyenye na makabwela." Kisha huhesabu mbinu za sanaa moja baada ya nyingine, kama karani wa ghala, na hupewa alama. Tunapendekeza kwamba kabla ya kumruhusu kutumia neno tabaka, mwalimu amwulize maswali ya macho: nani ameketi? Nani amesimama? Anayeketi anamsubiri nani? Nani anatazamwa, na anayetazama yuko wapi, ndani ya picha au nje yake? Na kitenzi ulichokichagua, ungekichagua kama mtu huyu angebadilishiwa nguo? Maswali hayohayo yanafaa kwa riwaya. Mhusika anayekaa kibarazani kwake na mhusika anayekaa kijiweni wote wamekaa.

Chapa za Whistler zinapatikana bila malipo kwenye intaneti, katika orodha kamili iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Glasgow, na za Tissot katika makavazi kadhaa makubwa. Kuna ugumu mmoja ambao hatujautatua idarani, nao ni tafsiri ya jina la Longshoremen. Mwenzetu mmoja anataka "Makuli", lakini wengine wanaliona neno hilo lina dharau. "Mahamali" ni zuri ila wanafunzi wa bara hawalijui. "Wapakuzi" linawafanya waonekane wanapakua, na hawapakui chochote. Aliyependekeza "Wasubiri Meli" alichekwa kikaoni, lakini mpaka tunakwenda mitamboni bado hatujapata lililo bora zaidi, na mwenye maoni anakaribishwa kuyaleta ofisi ya idara kabla ya toleo lijalo.